Baridi yabisi: Namna damu inavyofichua moto uliojificha viungoni

MWANAMKE anaamka alfajiri, anajaribu kukunja vidole vyake, navyo vinakataa. Vifundo vya mikono vimevimba na vina joto, na inambidi asubiri saa nzima au zaidi kabla ya kuweza kushika mwiko wa kusongea ugali. Wiki hiyo hiyo anafika hospitalini, anatolewa damu na kukabidhiwa karatasi yenye tarakimu mbili: ESR 64 na CRP 38.

Je, tarakimu hizo zina maana gani? Na iwapo baada ya miezi michache zitashuka hadi 18 na 4, je, hiyo itakuwa ruhusa ya kuacha dawa?

Mamia ya wagonjwa hutoka maabara wakiwa na maswali ya aina hii bila ya kupata mtu wa kuwajibu. Wapo wanaoona tarakimu imeshuka wakadhani wamepona. Wapo wengine ambao tarakimu zao hazijawahi kupanda, nao huambiwa hawana ugonjwa wowote ilhali vidole vyao vinaendelea kupinda. Wapo pia ambao tarakimu imepanda kwa sababu ya malaria au kifua kikuu, wakaongezewa dawa za viungo ambazo hazikuhitajika.

Makosa yote hayo yana gharama, kwa kuwa mfupa ulioliwa na ugonjwa wa baridi yabisi haurudi ulivyokuwa. Ndiposa ni muhimu kwa mgonjwa na jamaa zake kufahamu kile ambacho vipimo vya damu vinaweza kusema, na kile ambacho haviwezi kusema.

Ugonjwa wenyewe

Baridi yabisi inayozungumziwa hapa si yale maumivu ya uzeeni yanayotokana na kuchakaa kwa viungo. Ni ugonjwa sugu ambapo kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka na kuushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Utando huo huvimba, hunenepa na hatimaye huanza kula gegedu na mfupa ulio karibu nao.

Licha ya jina lake, ugonjwa huu hausababishwi na baridi wala kuoga maji yasiyopashwa moto. Aidha, si ugonjwa wa wazee pekee. Huweza kumpata kijana aliye katika umri wa kufanya kazi na kulea watoto.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, watu milioni 18 kote ulimwenguni walikuwa wakiishi na ugonjwa huu mnamo 2019. Takriban asilimia 70 kati yao walikuwa wanawake.

Bara la Afrika lina mfano unaojulikana sana wa madhara yake. Christiaan Barnard, daktari wa Afrika Kusini aliyefanya upasuaji wa kwanza wa kupandikiza moyo wa binadamu mnamo Desemba 1967 jijini Cape Town, alikuwa akiugua baridi yabisi. Ugonjwa ulipoikaza mikono yake, alilazimika kuacha upasuaji mnamo 1983. Mikono iliyokuwa imeustaajabisha ulimwengu haikuweza tena kushika kisu.

Iwapo hayo yalimpata daktari bingwa, si vigumu kuwaza masaibu ya mchuma majani chai wa Kericho, fundi cherehani wa Gikomba au mama anayekamua ng'ombe kule Nyandarua. Riziki yao wote imo vidoleni.

Habari zinavyofika kwenye damu

Ugonjwa uko kwenye viungo, lakini damu hutolewa mkononi. Je, damu hupataje habari za goti au kidole?

Utando wa kiungo unapovimba, chembechembe zilizomo hutoa kemikali zinazobeba ujumbe. Mojawapo ya kemikali hizo ni ile iitwayo interlukini-6. Kemikali hii husafiri kwa damu hadi kwenye ini, nalo ini huitikia kwa kutengeneza protini kadha kwa wingi kuliko kawaida. Miongoni mwa protini hizo kuna faibrinojeni, ambayo pia husaidia damu kuganda, na nyingine inayojulikana hospitalini kwa herufi CRP.

Kwa hivyo, daktari anapopima damu hapimi kiungo chenyewe. Anapima jinsi ini lilivyoitikia wito. Ni sawa na mtu aliye kilimani akitazama moshi unaopaa kutoka kijijini. Anajua kuna moto na anaweza kukisia ukubwa wake. Hata hivyo, moshi pekee hauwezi kumwambia ni nyumba ya nani inayoteketea.

Mfano huo wa moshi ndio ufunguo wa kuvielewa vipimo hivi viwili.

Kipimo cha saa moja

ESR ni kipimo cha kasi ambayo chembechembe nyekundu za damu hutuama nayo zikiachwa ndani ya mrija. Daktari Edmund Biernacki wa Poland alieleza jambo hili mnamo 1897. Baadaye wataalamu wawili wa Sweden waliliendeleza: Robin Fåhraeus mnamo 1918, naye Alf Westergren mnamo 1921 alipokuwa akiwachunguza wagonjwa wa kifua kikuu. Mbinu ya Westergren ndiyo ambayo hadi leo hutumiwa kupimia usahihi wa mbinu nyinginezo.

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Damu huchanganywa na dawa ya kuizuia isigande, kisha hutiwa katika mrija mwembamba wenye alama za milimita hadi 200. Mrija husimamishwa wima na kuachwa kwa muda wa saa moja. Mhudumu wa maabara kisha husoma ni milimita ngapi chembechembe nyekundu zimeshuka na kuacha maji ya rangi ya manjano juu yake.

Katika damu ya mtu mwenye afya, chembechembe nyekundu husukumana na kuepukana, hivyo hushuka polepole. Faibrinojeni inapoongezeka, huzifanya zishikamane na kupangana kama sarafu zilizorundikwa. Rundo ni zito kuliko sarafu moja, kwa hivyo hushuka kwa kasi. Ndiyo maana tarakimu kubwa huashiria kuwa kuna uvimbe mahali fulani mwilini.

Kwa kawaida, mwanamume aliye chini ya umri wa miaka 50 hatarajiwi kuzidi milimita 15 kwa saa, na mwanamke wa umri huo milimita 20. Baada ya miaka 50, viwango hivyo hupanda hadi 20 kwa wanaume na 30 kwa wanawake. Kwa hivyo, ESR ya 28 inaweza kuwa ya kawaida kwa nyanya wa miaka 70, lakini ikamtia daktari wasiwasi akiiona kwa kijana wa miaka 25.

Fadhila kubwa ya kipimo hiki ni urahisi wake. Mrija, dawa ya kuzuia damu kuganda na saa ya ukutani vinatosha, hata mahali ambapo umeme hupotea mara kwa mara.

Protini inayopanda upesi

Kipimo cha pili, CRP, kilitokana na uvumbuzi wa William Tillett na Thomas Francis katika Taasisi ya Rockefeller jijini New York mnamo 1930. Wawili hao walikuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia walipogundua protini iliyojitokeza wakati wa ugonjwa na kutoweka mgonjwa alipopata nafuu. Herufi C inatokana na kitu kilicho katika ukuta wa bakteria wa nimonia, ambacho protini hiyo hunasana nacho.

Hapo mwanzoni ilidhaniwa kuwa protini hiyo ni alama ya nimonia. Baadaye ikabainika kuwa hupanda katika magonjwa mengi, majeraha na hata baada ya upasuaji.

Maabara nyingi huchukulia kuwa kiwango cha kawaida ni chini ya miligramu 5 au 10 kwa kila lita ya damu, kutegemea mashine inayotumika. Mwili unaposhambuliwa, kiwango hicho huanza kupanda katika muda wa saa chache na kufikia kilele baada ya siku mbili hivi. Chanzo kikishatulizwa, nusu ya protini hiyo hutoweka katika damu kila baada ya saa 19 hivi.

Hapo ndipo tofauti kubwa kati ya vipimo hivi viwili ilipo. CRP ni kama ulimi wa moto, ambao huruka kuni zinapochochewa na kunywea zinapoondolewa. ESR nayo ni kama mafiga, ambayo hukawia kupata joto na hubaki na joto muda mrefu baada ya moto kuzimwa. Huweza kuchukua wiki kadha kabla ya kurudi chini.

Mgonjwa ambaye CRP yake imeshuka lakini ESR bado iko juu hapaswi kukata tamaa. Huenda dawa imeanza kufanya kazi na kilichobaki ni joto la mafiga tu. Ni daktari wake atakayethibitisha hayo kwa kupapasa viungo na kurudia vipimo baada ya muda.

Moshi usiotoka viungoni

Kama ilivyotajwa, moshi hausemi ni nyumba ipi inayoungua. Nchini Kenya jambo hili lina uzito wa kipekee, kwa sababu yapo maradhi mengi yanayoweza kuzipandisha tarakimu hizi.

Malaria hupandisha CRP na ESR. Kifua kikuu hufanya vivyo hivyo, na hali kadhalika nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, jino lililooza na kidonda kilichotunga usaha. Virusi vya ukimwi huweza kuiweka ESR juu kwa muda mrefu.

Mfano ni mgonjwa wa baridi yabisi anayeishi karibu na Ziwa Victoria, ambaye CRP yake imeruka ghafla kutoka 6 hadi 120 huku akiwa na homa na kutetemeka. Viungo vyake havijavimba kuliko kawaida. Kumwongezea dawa za viungo papo hapo kungekuwa kosa kubwa, kwa kuwa nyingi za dawa hizo hupunguza nguvu za kinga ya mwili. Anachohitaji kwanza ni kupimwa malaria na maambukizi mengine.

Hatari ni kubwa zaidi kwa kifua kikuu. Dawa aina ya steroidi, kwa mfano prednisoloni, humpa mgonjwa nafuu ya haraka na huenda akajihisi mzima, kumbe vijidudu vya kifua kikuu vinapata mwanya wa kuenea. Kikohozi kisichokoma, jasho jingi la usiku au kukonda bila sababu ni mambo ambayo mgonjwa hafai kumficha daktari.

Upungufu wa damu nao huipotosha ESR. Chembechembe nyekundu zikiwa chache, hushuka haraka hata kama hakuna uvimbe wowote. Baridi yabisi yenyewe huweza kuleta upungufu wa damu, hivyo mambo mawili huchanganyika katika tarakimu moja.

Mja mzito vilevile huwa na ESR ya juu kwa sababu ya mabadiliko ya kawaida ya mimba. Ajabu ni kuwa wanawake wengi wenye baridi yabisi hupata nafuu wakati wa ujauzito. Tarakimu inapanda, lakini viungo vinatulia.

Wapo pia ambao ESR yao hubaki chini isivyostahili. Mtu mwenye ugonjwa wa selimundu ana chembechembe nyekundu zilizopinda kama mundu, nazo haziwezi kupangana kama sarafu. ESR yake huweza kuwa ndogo hata anapokuwa mgonjwa sana. Kwa kuwa selimundu ni ugonjwa unaopatikana kwa wingi katika maeneo ya Nyanza, Magharibi na Pwani, madaktari wa huko huwa na sababu njema ya kutegemea CRP badala yake.

Isitoshe, maabara yenyewe huweza kukosea. Mrija ulioinama kidogo, meza inayotikiswa, joto kali la chumba au damu iliyokaa saa nyingi kabla ya kupimwa, yote hubadilisha majibu ya ESR.

Tarakimu nzuri, viungo vibaya

Kosa linalowaumiza wengi kimyakimya ni lile la kudhani kuwa damu isipoonyesha kitu, basi hakuna ugonjwa.

Uchunguzi uliofanywa nchini Ufini na Marekani na kuchapishwa mnamo 2009 ulionyesha kuwa zaidi ya thuluthi moja ya wagonjwa wa baridi yabisi walikuwa na ESR ya kawaida walipofika kwa daktari kwa mara ya kwanza. Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa CRP. Watu hao walikuwa wagonjwa kikweli, ila ini lao halikuitikia kwa kiasi cha kuonekana katika vipimo.

Kwa hivyo, mtu ambaye viungo vyake vidogo vya mikono na miguu vimevimba kwa zaidi ya wiki sita, na ambaye hukakamaa asubuhi kwa muda mrefu, hafai kurudishwa nyumbani na tembe za kutuliza maumivu pekee kwa sababu karatasi ya maabara inaonyesha tarakimu nzuri. Vidole vya daktari vinavyopapasa kiungo ni kipimo pia.

Hali ni kama hiyo katika baadhi ya magonjwa mengine ya kinga. Katika ugonjwa wa lupusi, kwa mfano, ESR hupanda mara nyingi lakini CRP huweza kubaki chini hata wakati ugonjwa umechacha. Ikiwa CRP ya mgonjwa wa lupusi itapanda sana, daktari hulazimika kutafuta kwa makini iwapo kuna maambukizi.

Zipo pia dawa zinazoficha moshi. Dawa iitwayo tosilizumabu huzuia ujumbe wa interlukini-6 usifike kwenye ini. Anayeitumia huweza kuwa na CRP iliyo karibu na sufuri hata akiwa na maambukizi makali. Mgonjwa wa namna hiyo anapopata homa, hafai kutulizwa na karatasi ya maabara.

Kipimo kisichohitaji kurudiwa

Wagonjwa wengi huchanganya vipimo vya kufuatilia ugonjwa na vile vya kuutambua. Vipimo vya RF na anti-CCP hutafuta kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe. Husaidia kuutambua ugonjwa na kukisia iwapo utakuwa mkali.

RF hupatikana kwa wengi wenye baridi yabisi, lakini pia huonekana kwa baadhi ya wazee wasio wagonjwa na kwa watu wenye maambukizi ya muda mrefu. Anti-CCP ni mahususi zaidi, yaani ni nadra kuonekana kwa mtu asiye na ugonjwa huu, na huweza kuwepo katika damu miaka kadha kabla ya kiungo cha kwanza kuvimba.

Hata hivyo, vipimo hivyo viwili havipandi na kushuka sambamba na hali ya viungo. Kuvirudia kila mwezi hakumwambii daktari iwapo dawa inafanya kazi, na humtoa mgonjwa pesa ambazo angenunulia dawa.

Hesabu ya viungo 28

Maadamu hakuna tarakimu moja inayotosha, wataalamu waliunda njia ya kuunganisha ushahidi wote. Njia hiyo huitwa DAS28.

Daktari hukagua viungo 28, navyo ni mabega, viwiko, vifundo vya mikono, viungo vya vidole vya mikono na magoti. Huhesabu vile vinavyouma akivibonyeza na vile vilivyovimba. Kisha mgonjwa mwenyewe hutoa alama kuhusu anavyojihisi. Hatimaye ESR au CRP huongezwa, na hesabu kufanywa.

Jumla iliyo chini ya 2.6 humaanisha kuwa ugonjwa umetulia kabisa. Kutoka hapo hadi 3.2 ugonjwa ni mdogo, hadi 5.1 ni wa wastani, na zaidi ya hapo ni mkali. Miguu haimo katika hesabu hii, kwa hivyo anayeumwa nyayo na vidole vya miguu ni lazima aseme mwenyewe.

Manufaa ya kupima na kuchukua hatua yalidhihirika katika utafiti uliofanywa jijini Glasgow, Uingereza, na kuchapishwa mnamo 2004. Wagonjwa 110 hivi waligawanywa katika makundi mawili kwa muda wa miezi 18. Kundi moja lilihudumiwa kwa utaratibu wa kawaida. Kundi la pili lilionwa kila mwezi, likapimwa ukali wa ugonjwa, na dawa zikabadilishwa kila mara lengo lilipokosa kufikiwa.

Mwishoni, asilimia 65 ya wagonjwa wa kundi la pili walikuwa wametulia kabisa, ikilinganishwa na asilimia 16 katika kundi la kwanza. La kutia moyo ni kuwa dawa zilizotumika zilikuwa zile za zamani zenye bei nafuu. Tofauti ililetwa na kupima, kisha kutenda kulingana na kipimo.

Kwa wale walio mbali na maabara, ipo hesabu nyingine iitwayo CDAI ambayo haihitaji damu hata tone. Daktari hujumlisha idadi ya viungo vinavyouma, vilivyovimba, alama ya mgonjwa na alama yake mwenyewe, zote mbili zikiwa kati ya 0 na 10. Jumla isiyozidi 2.8 ni utulivu kamili, hadi 10 ni ugonjwa mdogo, hadi 22 ni wa wastani, na zaidi ya 22 ni mkali.

Katika nchi ambako madaktari bingwa wa viungo ni wachache mno na wengi wao wako Nairobi na miji mingine mikubwa, hesabu kama hii inaweza kufanywa na daktari au afisa wa kliniki aliyefunzwa katika hospitali ya kaunti ndogo.

Wajibu wa mgonjwa

Mgonjwa ana wajibu wake katika kazi hii. La kwanza ni kuweka daftari. Kila apimwapo aandike tarehe, ESR, CRP, kiwango cha damu mwilini, dawa anazotumia na muda ambao viungo hukakamaa asubuhi. Tarakimu moja ni kama picha moja, lakini tarakimu za mwaka mzima husimulia kisa kizima. Daftari hilo huwa na faida kubwa mgonjwa anapohamia hospitali nyingine.

La pili ni kutumia maabara ile ile kila inapowezekana, kwa kuwa mashine hutofautiana.

La tatu ni kumweleza daktari iwapo amekuwa na homa, kikohozi, kidonda au mimba kabla ya kutolewa damu. Habari hizo huweza kubadilisha maana ya tarakimu nzima.

La nne ni kutochanganya vipimo vya ugonjwa na vipimo vya usalama wa dawa. Anayetumia methotreksati, ambayo ndiyo dawa ya msingi ya baridi yabisi, huhitaji kupimwa chembechembe za damu, ini na figo mara kwa mara, hata kama ESR na CRP zake ni nzuri. Vipimo hivyo humkinga dhidi ya madhara ya dawa.

Muhimu pia ni kukumbuka kuwa methotreksati kwa ugonjwa huu humezwa mara moja tu kwa wiki. Kuimeza kila siku kwa makosa kumewahi kuua wagonjwa. Ni vyema siku hiyo iandikwe kwa herufi kubwa kwenye daftari na ijulikane na kila mtu nyumbani. Mwanamke anayetarajia kupata mimba apaswa kumwarifu daktari mapema, kwani dawa hiyo ni hatari kwa mtoto aliye tumboni.

La tano, na pengine gumu kuliko yote, ni kutoacha dawa kwa sababu tarakimu zimeshuka. Kushuka huko mara nyingi ni ushahidi kuwa dawa inafanya kazi. Anayeiacha ghafla huweza kuona ugonjwa ukirudi baada ya wiki au miezi kadha, na kila urejeapo huweza kula sehemu nyingine ya mfupa. Dawa hupunguzwa polepole na kwa ushauri wa daktari, baada ya utulivu wa muda mrefu.

Miongozo ya kimataifa hupendekeza mgonjwa ambaye ugonjwa wake ungali mkali aonwe kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Iwapo hakuna nafuu yoyote kufikia mwezi wa tatu, au lengo halijafikiwa kufikia mwezi wa sita, tiba hubadilishwa.

Basi yule mwanamke mwenye ESR 64 na CRP 38 akirudi baada ya miezi mitatu na kupewa 18 na 4, ana kila sababu ya kushukuru. Lakini kabla ya kuikunja karatasi yake, na amnyoshee daktari mikono yake ikaguliwe, kiungo kimoja baada ya kingine. Iwapo vidole vimenywea, anaweza kuvikunja ngumi na asubuhi huamka bila ya kukakamaa, basi karatasi na mikono vimekubaliana, na dawa iendelee. Iwapo vidole bado vimevimba, karatasi haijasema yote, na uchunguzi uendelee.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mgonjwa wa baridi yabisi, ufa huo huanza kwa kidole kimoja kinachokataa kukunjika alfajiri, nao haufai kusubiri karatasi ya maabara ili kuaminiwa.